MAISHA YA NIKOLA TESLA, MVUMBUZI WA UMEME

Muhula huu napenda kuwaeleza habari za Nikola Tesla. Wengi wetu twalijua jina lake tu, kwa kuwa katika vitabu vya fizikia ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Maisha yake hatuyajui. Mimi ninayo sababu yangu mwenyewe ya kumchagua mtu huyu, nayo nitaieleza kabla sijaweka kalamu chini.

Bwana Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai, 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho siku zile kilikuwa chini ya dola ya Austria, na leo kimo katika nchi ya Kroatia. Watu wake walikuwa Waserbia. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la Kiorthodoksi, naye alitaka mwanawe aifuate kazi hiyo hiyo. Mama yake hakupata kusoma shule, lakini alikuwa hodari wa kubuni vyombo vya nyumbani kwa mikono yake, na mashairi marefu ya kwao aliyahifadhi moyoni. Tesla aliamini maisha yake yote kwamba akili ya kuvumbua aliirithi kwa mama.

Mwaka 1873, alipokuwa na miaka kumi na saba kama mimi leo, alishikwa na kipindupindu akalala kitandani miezi mingi, hata watu wakakata tamaa. Baba yake alipoona hivyo, alimwahidi kwamba akipona atampeleka kusoma ufundi wala hatamlazimisha ukasisi. Kijana akapona. Basi mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi mjini Graz.

Huko chuoni walionyeshwa mashine ya umeme iliyokuwa ikitoa cheche nyingi. Umeme wa siku zile ulikwenda upande mmoja tu, na ili uende hivyo ilibidi mashine iwe na vipande vya kusugua, navyo ndivyo vilivyotoa cheche. Tesla akasema yawezekana kuviondoa vipande vile na kuutumia umeme unaokwenda na kurudi. Profesa wake akaeleza mbele ya darasa zima kwamba jambo hilo haliwezekani kamwe. Tesla alinyamaza, lakini wazo halikumtoka. Baadaye akaingia katika mchezo wa kamari, akaacha chuo bila kupata shahada. Nalitaja jambo hili kwa sababu si vema kumsifu mtu na kuyaficha makosa yake.

Mwaka 1882 alikuwa mjini Budapest, akifanya kazi ya simu. Siku moja jioni alikuwa akitembea bustanini na rafiki yake, mara jawabu likamjia. Akaokota kijiti akachora mchangani mashine ambayo ndani yake nguvu ya sumaku huzunguka yenyewe, ikauvuta mhimili uzunguke pamoja nayo. Mashine haikuhitaji kusuguliwa na kitu. Hata leo mota nyingi za viwandani na za mashine za kusaga zimeundwa kwa njia hiyo.

Mwaka 1884 alivuka bahari kwenda Marekani, akafika New York bila fedha za maana mfukoni. Akaajiriwa katika kiwanda cha Thomas Edison, mvumbuzi mkubwa wa wakati ule. Edison alikuwa ameweka mali yake katika umeme wa kwenda upande mmoja, wala hakutaka kusikia habari za umeme mwingine. Baada ya miezi michache Tesla akaacha kazi. Akaanzisha kampuni na watu wengine, nao wakamtupa nje. Ndipo mtu huyu, aliyekuwa na mashine ile kamili kichwani mwake, akashika sepetu na kuchimba mitaro kwa ujira wa dola mbili kwa siku.

Mwaka 1888 alipata mtu wa kumsikiliza, tajiri mmoja jina lake George Westinghouse. Huyu alinunua haki za uvumbuzi wake, nao wakaanza kushindana na Edison. Watu wa Edison walitangaza kwamba umeme wa kwenda na kurudi ni wa kuua, hata wakawaua wanyama hadharani ili kuwatisha watu. Lakini umeme huu una faida moja kubwa: ni rahisi kuuongeza nguvu sana, ukasafiri mbali katika waya bila kupotea mwingi, kisha ukapunguzwa kabla ya kuingia nyumbani. Umeme wa Edison wa siku zile haukuweza kufika mbali. Mwaka 1893 maonyesho makubwa ya Chicago yaliwashwa taa kwa umeme wa Tesla na Westinghouse, na mwaka 1896 umeme uliotoka katika maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo, mwendo wa zaidi ya kilometa 30.

Mambo haya si ya mbali nasi. Katika mkoa wetu huu wa Morogoro, pale Kidatu, maji ya mto Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo minne ya umeme. Miwili ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975 na mingine mwaka 1980, na yote pamoja ina uwezo wa megawati 204. Umeme wake hupita juu ya nguzo ndefu zaidi ya kilometa 100 hata kufika Morogoro, kisha huendelea Dar es Salaam. Nao ni umeme wa kwenda na kurudi, ambao kila sekunde moja hufanya safari hiyo mara 50.

Turudi kwa Tesla. Kampuni ya Westinghouse ilipopata shida ya fedha, alikubali kuuacha mkataba ambao ungemtajirisha kupita kiasi. Mwaka 1898 aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo inayoongozwa kwa mawimbi ya redio, pasipo waya, nao walishangaa mno. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara mkubwa karibu na New York ili apeleke habari, na hata nguvu za umeme, duniani kote bila waya. Lakini tajiri aliyempa fedha akakataa kuongeza, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa.

Tabia zake nazo zilikuwa za ajabu. Hakuoa. Alipenda hesabu ya tatu, na hatua zake alikuwa akizihesabu. Hakustahimili kumwona mwanamke aliyevaa lulu. Uzeeni alikaa hotelini huku madeni yakimwandama, akilisha njiwa wa mjini na kuwauguza wagonjwa chumbani mwake. Alifariki tarehe 7 Januari, 1943 huko New York, peke yake katika chumba cha hoteli, akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 1960 wataalamu wa dunia wakakiita kipimo cha sumaku kwa jina lake.

Sasa naieleza sababu yangu. Kwetu ni Mgeta, milimani Uluguru. Ninaye mjomba ambaye amechukua dainamo ya baiskeli akaifunga kwenye gurudumu la mbao linalozungushwa na maji ya mfereji, naye huwasha taa moja ndogo nyumbani kwake. Majirani husema amerukwa na akili. Mwaka jana, siku ya kutembelewa, alikuja shuleni na mfuko uliojaa nyaya na vyuma. Wenzangu walicheka. Waliponiuliza huyu ni nani, nilijibu kwamba ni jirani tu wa kijijini. Naye alikuwa amesimama karibu, akasikia.

Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mzazi. Aliyenilipia nauli na sare ni huyo huyo. Tangu siku ile hajafika tena.

Niliposoma habari za Tesla ndipo nilipofahamu kwamba katika dainamo ya baiskeli sumaku huzunguka karibu na waya, na umeme utokao ni ule ule wa kwenda na kurudi. Taa ya mjomba na taa za Kidatu ni ndugu. Tena niliona kwamba Tesla alipopata mtu mmoja wa kusimama naye, alishinda; alipobaki pekee, mnara wake ulianguka.

Nimekwisha kumwandikia mjomba barua ya kumwomba radhi, na kumsihi aje siku ya wageni pamoja na mfuko wake. Akija, nitampeleka maabara nikamjulishe kwa mwalimu wa fizikia na kwa wenzangu wote kwamba huyu ni mjomba wangu. Nanyi wasomaji mtakaokuwapo siku hiyo, nawaomba mje mwone.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne