IMAM SHAYBANI NA SHERIA YA MATAIFA

Wengi huambiwa ya kwamba sheria baina ya mataifa ilianza Ulaya, kwa kitabu cha Mholanzi Hugo Grotius kilichotolewa mwaka 1625. Lakini zaidi ya miaka mia nane kabla yake, mwanachuoni wa Kiislamu alikwisha itungia elimu hiyo kitabu kizima.

Huyo ni Imam Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaybani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Wasit, nchini Iraki, karibu na mwaka 750, akakulia Kufa. Katika ujana wake alisoma kwa Imam Abu Hanifa, kisha kwa Abu Yusuf, na huko Madina kwa Imam Malik. Imam Shafii naye alikuwa mwanafunzi wake.

Elimu hiyo huitwa Siyar, yaani mwenendo wa dola ya Kiislamu kwa mataifa mengine. Humo alifundisha ya kwamba mjumbe asidhuriwe, wanawake na watoto wasiuawe vitani, mapatano yatimizwe, na mgeni aliyepewa amani alindwe nafsi na mali yake, hata ikiwa aliyempa amani hiyo ni Mwislamu mmoja tu wa kawaida, mwanamume au mwanamke.

Mafundisho hayo yalikuja kumjaribu mwenyewe. Khalifa Harun Ar-Rashid alikuwa amemfanya kadhi wa Raqqa. Wakati huo Yahya bin Abdallah, mzao wa Mtume Mtukufu s.a.w., aliyeasi katika milima ya Dailam mwaka 792, alikuwa amejisalimisha kwa hati ya amani ya Khalifa. Wanahistoria wasimulia ya kwamba Khalifa alipotaka kuitangua hati ile aliwauliza wanachuoni. Mmoja wao akampa jibu alilolitaka. Imam Shaybani akaisoma, akatamka kuwa hati ni sahihi na damu ya Yahya ni haramu. Kwa neno hilo akauzuliwa ukadhi, akakatazwa kutoa fatwa. Yahya akafia kifungoni.

Baadaye Khalifa alimrudishia heshima yake, na Imam akafariki Rayy mwaka 805 akiwa safarini pamoja naye.

Mwaka 1969, Mkataba wa Vienna uliandika ya kwamba kila mapatano huwafunga walioyafanya, na lazima yatimizwe kwa nia njema. Basi msomaji mpenzi, huo ndio msingi alioutetea Imam: ahadi humfunga hata mwenye upanga, na haitanguki kwa sababu aliyepewa ni dhaifu.