Habari za Martin Luther Alipokuwa Kijana Mwenye Kusumbuka Moyo

Wakristo wa sharika zetu za bonde la Kilombero, tangu Ifakara hata Mlimba, wanalijua jina la Martin Luther, tena wanazijua habari za hoja zake 95 za mwaka 1517. Lakini habari za ujana wake kabla ya mwaka ule hazisimuliwi sana. Twapenda kuzisimulia mwezi huu, kwa kuwa katika sharika zetu wamo vijana ambao masumbuko yao yafanana mno na yake, nao hawajui wamwendee nani.

Luther alizaliwa Eisleben katika Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Baba yake, Hans, alifanya kazi ya shaba katika mji wa Mansfeld, akataka mwanawe awe mwanasheria. Kijana akaingia chuo kikuu cha Erfurt mwaka 1501. Hata tarehe 2 Julai 1505, alipokuwa akirudi Erfurt kutoka nyumbani, radi ikapiga karibu naye hapo Stotternheim. Akaogopa sana, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Baada ya siku 15 akaingia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agostino. Baba yake alikasirika mno. Luther alikuwa na umri wa miaka 21.

Humo ndimo masumbuko yalimozidi. Alifunga, alikesha, alisali kupita wenziwe, tena aliungama mara kwa mara, na siku nyingine maungamo yake yalichukua saa sita. Alizichambua dhambi zake kama mwanamke achaguavyo mchele katika ungo, moja moja. Akisha kuondolewa alikwenda zake, kisha akakumbuka neno dogo alilolisahau, akarudi tena kwa padre. Halafu akashuku kwamba hata maungamo yenyewe hayakuwa ya kweli. Mwaka 1507, alipoiongoza misa yake ya kwanza, baba yake akiwapo, alishikwa na tetemeko mbele ya madhabahu hata akakaribia kukimbia.

Tuangalie vema jambo hili: kadiri alivyoungama, hofu haikupungua. Raha aliyoipata ilikuwa ya kitambo tu, na raha ile fupi ndiyo iliyomvuta arudi tena. Madaktari wa siku hizi wanaujua ugonjwa wa namna hii. Wazo la kuchukiza au la kutisha huingia moyoni bila kukaribishwa, na mtu huona lazima afanye tendo fulani ili litulie: kunawa mikono hata ngozi ichubuke, kurudi kulitazama komeo la mlango, kuhesabu, au kuanza sala upya kwa sababu neno moja halikutamkwa sawasawa. Huwapata watu wapatao 2 katika 100, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Hatuthubutu kumpima mtu aliyekufa zamani na kusema kwa hakika kwamba Luther alikuwa nao. Tena ndani ya masumbuko yake lilikuwamo swali la kweli, jinsi mwanadamu awezavyo kusimama mbele za Mungu, na swali hilo si ugonjwa. Walakini kijana mwenye masumbuko haya akizisoma habari za Luther atajitambua humo.

Heri yake ilikuwa kwamba aliwapata watu wazima. Mzee mmoja wa nyumba ile alimkumbusha kwamba katika Imani twakiri ondoleo la dhambi, na ya kuwa Mungu mwenyewe ameamuru tutumaini. Lakini aliyemfaa kuliko wote ni Johann von Staupitz, mkuu wa watawa wale. Huyu alikuwa mtu wa kazi nyingi na safari nyingi, naye akampa kijana nafasi. Hakumcheka wala kumfukuza. Alikiri waziwazi kwamba haelewi masumbuko yale, nasi twaona kukiri huko kulimsaidia kijana kuliko maelezo marefu ya mtu ajidaiye kujua. Hata hivyo hakukubali kusikiliza vijambo visivyo na mwisho. Alimwambia alete dhambi iliyo dhambi, asilete makosa ya kitoto. Akamwelekeza kuyatazama majeraha ya Kristo, aache kujichungulia mwenyewe. Kisha akampa kazi. Katika ua wa nyumba ya watawa huko Wittenberg, chini ya mti wa matunda, alimwagiza asomee udaktari na kuhubiri. Luther akataja sababu nyingi za kukataa, hata akasema kazi hiyo itamwua. Staupitz akamjibu kwa mzaha kwamba huko mbinguni pia Mungu ana haja ya watu wenye akili. Tarehe 19 Oktoba 1512 Luther akawa Daktari, na katika kuwafundisha wengine Zaburi na Waraka kwa Warumi akaiona haki ya Mungu kuwa ni kipawa.

Sisi wazee wa huku twafanyaje? Wengine husema kijana amerogwa, au imani yake ni haba, wakamwongezea mifungo na sala. Huko ni kuutia moto kuni. Mama mwenye huruma hufanya kinyume: mtoto humwuliza mara thelathini kwa siku kama mikono yake ni safi, au kama amemkufuru Mungu, naye humjibu mara thelathini. Huruma hiyo ni njema, ila yaulisha ugonjwa. Tiba ya madaktari ni kumsaidia mgonjwa akabili hofu yake kidogo kidogo bila kulifanya lile tendo, hata hofu ipungue yenyewe; tena ziko dawa. Muhimbili na Mirembe ni mbali na Ifakara, lakini safari huanzia hospitali iliyo karibu, kijana akisindikizwa na mtu mzima anayemwamini. Kule Mahenge, wenye kifafa walitengwa miaka mingi, hata Daktari Louise Jilek-Aall alipowaanzishia matibabu karibu na mwaka 1960.

Staupitz hakuliacha kanisa la Roma. Alikufa Salzburg mwaka 1524, akiwa mkuu wa nyumba ya watawa. Luther hakuacha kumhesabu kuwa baba yake. Naye Luther, mwaka 1530, alimwandikia barua Hieronymus Weller, aliyekaa nyumbani mwake na kumfundisha mwanawe Hans, naye alisumbuliwa na huzuni na mawazo ya kutisha. Alimshauri asikae peke yake, asibishane na mawazo yale, ale, anywe, acheze na kufanya mzaha na wenzake. Weller akaishi, akawa mwalimu wa Maandiko katika mji wa Freiberg, akafa huko mwaka 1572.