Canada Lee: Bondia wa jicho moja aliyetikisa jukwaa la Broadway

MSOMAJI wangu, wengi wetu tuliokulia uhamishoni tuliona sinema za kwanza kwenye mabanda ya video, na banda lilijua watu wawili tu: steringi na adui wake. Waliobaki walikuwa wa kufa mapema ili hadithi iendelee. Leo nawaletea mmoja wa hao waliobaki, Mmarekani mweusi aitwaye Canada Lee, ambaye kati ya 1936 na 1952 alipewa nafasi za mtumishi, muuaji, mtumwa wa kisiwani na bondia mgonjwa, na kila alipopewa nafasi ndogo aliigeuza kuwa mtu kamili.

Alizaliwa New York tarehe 3 Machi 1907. Ukoo wake ulitoka kisiwa cha St. Croix, ambacho wakati huo kilikuwa cha Denmark. Jina lake halisi lilikuwa refu: Leonard Lionel Cornelius Canegata. Utotoni alifundishwa kupiga fidla na ikaonekana ana kipaji, lakini akiwa na miaka 14 alitoroka nyumbani akaenda Saratoga kupanda farasi wa mashindano. Mwili ulipokua mkubwa kupita uzito wa mpanda farasi, akaingia kwenye ndondi.

Ndipo jina lilipobadilika. Mtangazaji wa ulingoni alishindwa kutamka Lee Canegata, akasema Canada Lee, na watu wakashangilia hivyo hivyo. Bondia hakubisha. Sisi tuliorudi hatushangai. Kambini nilisoma na watoto ambao majina yao yalizaliwa upya mezani kwa karani wa kuandikisha wakimbizi, herufi moja imeongezwa, mbili zimemezwa, na mpaka leo ndiyo majina yaliyo kwenye vyeti vyao.

Ngumi zilimlisha miaka kadhaa, kisha zikamwumiza. Pigo moja lilimharibu jicho la kulia lisione tena, na mwaka 1933 akaachana na ulingo. Fedha alizochuma zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1934, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, alikwenda kwenye jengo la YMCA la Harlem kutafuta kibarua, akajikuta kwenye chumba walimokuwa wakichagua waigizaji wa mchezo. Alitoka humo akiwa na kazi, ingawa si ile aliyoifuata.

Miaka miwili baadaye kijana wa miaka 20, Orson Welles, alipewa fedha za serikali kupitia mradi wa kuwapa kazi wasanii wasio na ajira, akatengeneza Macbeth yenye waigizaji weusi watupu katika ukumbi wa Lafayette, Harlem. Ni Shakespeare yule yule wa Mabepari wa Venisi tuliyemsoma kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ila safari hii hadithi ilihamishwa kutoka Uskochi ikapelekwa Haiti. Lee alikuwa Banquo, jemadari anayeuawa na rafiki yake kisha mzimu wake unarudi karamuni. Welles hakumsahau. Mwaka 1941 alimwita Broadway kwa tamthilia ya Native Son, iliyotokana na riwaya ya Richard Wright, akampa nafasi ya Bigger Thomas, kijana wa Chicago anayeajiriwa udereva na tajiri mzungu, kisha anamuua binti wa tajiri huyo kwa hofu ya kukutwa chumbani mwake. Si mtu wa kuhurumiwa kirahisi, na Lee hakumpaka sukari. Wahakiki walimsifu kuliko wakati wowote.

Sinema ikamwita. Katika Lifeboat ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1944, watu walionusurika baada ya meli yao kuzamishwa na Wajerumani wanabanana katika mashua moja. Lee ni Joe, mhudumu wa meli, mweusi pekee humo. Maneno aliyoandikiwa yalikuwa ya mtumishi wa kuitikia ndiyo bwana kila sentensi. Lee aliyakataa, akayafuta mengine na kuyapunguza mengine, mpaka Joe akabaki mtu anayesema machache yenye uzito. Wazungu wa mashuani wanapotaka kupiga kura ya jambo fulani, Joe anauliza kama naye anapiga. Swali fupi tu, lakini mwaka 1944 weusi wengi wa majimbo ya kusini walikuwa hawapigi kura kabisa.

Mwaka 1945 alikuwa Caliban katika The Tempest ya Shakespeare, na mwaka uliofuata akafanya jambo ambalo nadhani ni la ujasiri kuliko yote: alipakwa rangi nyeupe usoni akacheza Mzungu, Bosola, katika The Duchess of Malfi. Kwa zaidi ya miaka mia wazungu walikuwa wakijipaka masizi ili kuwaigiza weusi, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwangu mimi kazi yake bora ni Body and Soul ya mwaka 1947. Steringi ni John Garfield. Lee ni Ben Chaplin, bingwa mwenye damu iliyoganda kichwani, ambaye wenye pesa wanampeleka ulingoni hivyo hivyo. Mwishowe Ben anakufa akirusha ngumi hewani, hana wa kumpiga. Lee hakuhitaji kufundishwa. Alijua jinsi mchezo ule unavyomla mchezaji.

Nje ya jukwaa hakunyamaza. Alipinga jeshi kuwatenga askari weusi, alipinga mauaji ya weusi kusini, alipanda majukwaa ya hisani usiku baada ya kazi. Miaka ya vita sauti kama hiyo ilivumiliwa. Baada ya vita, hofu ya ukomunisti ilipoivamia Marekani, ikawa hatia. Mwaka 1949, katika kesi ya ujasusi ya Judith Coplon, taarifa za siri za FBI zilisomwa mahakamani, na jina la Canada Lee lilikuwamo. Hakushtakiwa kwa lolote. Aliwaita waandishi wa habari akakana kuwa mkomunisti. Haikusaidia. Kampuni zinazodhamini vipindi vya redio na televisheni ziliogopa, na simu ikaacha kulia.

Nawaandikia watu wanaojua uzito wa jina kuwa kwenye orodha. Baba yangu aliondoka Burundi mwaka 1972 usiku ule ule alioambiwa kwamba lake limesikika likisomwa. Silinganishi, wa kwetu waliosomwa hawakunyimwa kazi, waliuawa. Ila nimejifunza kwamba orodha haihitaji kuthibitisha chochote. Inatosha iwepo. Inasimuliwa kuwa Lee alimweleza Walter White, kiongozi wa NAACP, kwamba anafikiria kukaa barabarani apige watu kiwi viatu.

Kazi ikatoka mbali. Mwaka 1950 Zoltan Korda alimchukua Afrika Kusini kupiga Cry, the Beloved Country, kutoka riwaya ya Alan Paton. Siasa ya makaburu ilikuwa na miaka miwili tu madarakani. Sidney Poitier, aliyekuwa naye, amesimulia kwamba ili waruhusiwe kuingia waliandikishwa kama vibarua wa mkataba wa Korda. Mfanyabiashara wa mpakani hatashangaa: karatasi inaweza kukuita lolote, mradi upite. Basi huyo aliyeandikwa kibarua akasimama mbele ya kamera kama mchungaji Stephen Kumalo, mzee anayekwenda Johannesburg kumtafuta dada na mwanawe. Alikuwa na miaka 43. Safari hii steringi alikuwa yeye.

Alirudi New York na habari za kusimulia kuhusu nchi ile, na presha ikimsumbua. Kulikuwa na mpango wa kupiga Othello Italia, yeye akiwa Othello. Kila alipoulizia pasipoti alijibiwa kwamba bado inachunguzwa. Alifariki tarehe 9 Mei 1952, akiwa na miaka 45. Siku 12 baadaye John Garfield, naye akiwa ameandamwa na wachunguzi hao hao, alifariki kwa moyo akiwa na miaka 39.

Lee aliacha mwana, Carl, ambaye naye alishika uigizaji. Mwaka 1972 alionekana katika Super Fly. Alikuwa Eddie, mshirika wa steringi.