Mekatilili: Shujaa aliyepotelewa na ndugu

KATIKA kijiji cha Bungale, eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi, liko kaburi ambalo Wagiriama hulizuru kumkumbuka shujaa wao, Mekatilili wa Menza.

Alizaliwa katika karne ya 19 na kupewa jina Mnyazi, akiwa binti pekee miongoni mwa ndugu wa kiume. Masimulizi ya wazee yasema mmoja wao, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, asionekane tena.

Kwa hivyo Waingereza walipodai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi za sulubu, Mekatilili, wakati huo mjane, alikataa. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na kuwakusanya watu Kaya Fungo wale kiapo cha kutotii. Mwezi Oktoba alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii. Januari 1914 walitoroka na kurejea Pwani kwa miguu. Mwezi Agosti serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Mekatilili alikamatwa tena, akaachiliwa mwaka 1919.

Katika kaunti hiyo hiyo, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola. Jamaa walitoa sampuli za DNA, na miili ya kwanza wakakabidhiwa mjini Malindi Machi 2024.

Mekatilili ana kaburi la kuzuriwa. Mwarandu hana, na wengi wa Shakahola walikaa muda mrefu bila hata jina.