Wangila: Bingwa anayestahili kutajwa kila msimu wa tuzo

KILA msimu wa kutuza wanamichezo bora wa mwaka unapowadia humu nchini, ubishi huzuka maofisini, vijiweni na ndani ya matatu. Huyu hudai kwamba mshindi hawezi kuwa mwingine ila aliyevunja rekodi ya dunia. Yule hushikilia kuwa aliyeshinda mbio nyingi zaidi ndiye bora. Wa tatu huuliza kwa uchungu ni kwa nini wachezaji wa raga, voliboli, soka na ndondi hubaki wakipiga makofi huku wanariadha wakipanda jukwaani.

Ubishi huo una msingi. Tangu mwanariadha Paul Tergat alipoasisi tuzo za SOYA mnamo 2004, Kenya imekuwa na njia rasmi ya kuwashukuru mashujaa wake wa michezo. Lakini katika taifa ambalo hufahamika kote duniani kwa wakimbiaji wake, anayetoka nje ya riadha huwa na mlima wa kupanda. Anapimwa kwa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wengine.

Lipo jina moja ambalo hutusaidia kuupima ubishi huu kwa utulivu, kwa kuwa mwenyewe hayupo tena kupigiwa debe wala kuonewa wivu. Ni jina la bondia Robert Napunyi Wangila. Tuzo za SOYA zilipoanzishwa, Wangila alikuwa amelala kaburini kwa miaka kumi.

Alizaliwa jijini Nairobi mnamo Septemba 3, 1967, na akakulia katika enzi ambayo ndondi za Kenya zilikuwa na mizizi imara. Majeshi, polisi, magereza, shirika la reli na mashirika mengine ya umma yalikuwa na timu za mabondia. Kijana mwenye ngumi nzito hakupata medali pekee, bali aliweza kupata pia ajira na mahali pa kufanyia mazoezi. Katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, kumbi za ndondi zilijaa vijana ambao waliuona ulingo kuwa ngazi ya kuwatoa katika ufukara.

Waliotangulia walikuwa wamekwisha kuonyesha njia. Philip Waruinge alileta nishani ya shaba kutoka Mexico City mnamo 1968, na ya fedha kutoka Munich mnamo 1972. Huko huko Munich, Dick Murunga na Samuel Mbugua walitwaa shaba. Kisha siasa ziliingilia kati. Kenya ilisusia Michezo ya Olimpiki ya 1976 na ya 1980, na kizazi kizima cha mabondia kikazeeka bila kupanda jukwaa hilo. Iliporejea Los Angeles mnamo 1984, Ibrahim Bilali aliokoa jahazi kwa kupata shaba. Miaka miwili baadaye Kenya ikasusia pia Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyiwa Edinburgh. Mlango mwingine ukafungwa.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Wangila: mchezo uliokuwa na sifa na wafuasi, lakini ambao haukuwa na dhahabu ya Olimpiki hata moja.

Nafasi ya kwanza ya kujionyesha mbele ya umma wa nyumbani ilikuja mnamo 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika. Mabondia wa Kenya waliwatia kiwewe wapinzani wao wa bara zima na kujizolea zaidi ya nusu ya nishani zote za dhahabu zilizoshindaniwa ulingoni. Wangila alikuwa miongoni mwa mabingwa hao, katika uzani wa welter. Hata hivyo, wengi walichukulia kwamba ushindi wa nyumbani ni jambo moja, na kukabiliana na Wamarekani, Wakorea na mabondia wa Ulaya Mashariki ni jambo jingine kabisa.

Jawabu lilitolewa jijini Seoul, Korea Kusini. Wangila aliingia katika michezo hiyo wiki mbili tu baada ya kutimiza umri wa miaka 21. Alipita hatua moja baada ya nyingine hadi nusu fainali, ambako Jan Dydak wa Poland hakuweza kupanda ulingoni kupigana naye. Watu wasiomtakia mema wangeweza kusema kuwa ameingia fainali kwa bahati. Kama yuko aliyewaza hivyo, hakukaa na wazo hilo kwa muda mrefu.

Katika fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Huyu hakuwa bondia wa kubahatisha, kwani miaka minane baadaye alitwaa ubingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa. Pigano lilitarajiwa kuwa la raundi tatu. Wangila alilimaliza katika raundi ya pili kwa nokauti, na kwa mara ya kwanza wimbo wa taifa wa Kenya ukapigwa katika Olimpiki kwa heshima ya mtu ambaye hakuwa mkimbiaji. Hakuna mwanamasumbwi mweusi kutoka Afrika aliyekuwa amewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki kabla yake.

Tukumbuke pia mazingira ya ushindi huo. Ndondi za Seoul zilichafuliwa na maamuzi ya kutilia shaka, na hadi leo watu hutaja fainali ambayo Mmarekani Roy Jones alinyimwa ushindi na majaji dhidi ya Park Si-Hun wa Korea Kusini licha ya kumlemea waziwazi. Wangila hakuwaachia majaji kazi. Nokauti haihitaji kuhesabiwa kwenye karatasi, wala haina rufaa.

Sasa turudi kwenye mjadala wetu. Tuchukulie kwamba tuzo ya mwanamichezo bora wa Kenya ingalikuwapo mnamo 1988. Nani angestahili kuibeba?

Kazi ya waamuzi isingekuwa nyepesi hata kidogo. Kenya ilirudi kutoka Seoul na nishani tisa, tano zikiwa za dhahabu. Paul Ereng alishinda mbio za mita 800, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo, ilhali alikuwa amehamia mbio hizo mwaka uo huo akitoka mita 400. Peter Rono alitwaa mita 1500 akiwa na umri wa miaka 21. Julius Kariuki alishinda mbio za kuruka viunzi na maji kwa muda wa dakika 8 na sekunde 5.51, rekodi ya Olimpiki ambayo ilidumu hadi 2016. Na juu ya wote hao alisimama John Ngugi.

Hoja ya Ngugi ni nzito, na mtu mwaminifu hawezi kuikwepa. Mnamo Machi mwaka huo alikuwa ametwaa taji lake la tatu mfululizo la mbio za nyika duniani, huko Auckland. Jijini Seoul aliwaponyoka wapinzani wake mapema katika mbio za mita 5,000, akakimbia peke yake hadi utepeni. Kufikia sasa, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya ambaye ameshinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo. Ikiwa kipimo ni uthabiti wa mwaka mzima, Ngugi ana haki ya kudai tuzo hiyo.

Hata hivyo, mizani hii ingepaswa kumwelemea Wangila, na sababu zipo tatu.

Ya kwanza ni njia aliyoipitia. Wanariadha wa 1988 walikimbia wakifuata nyayo za Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott, ambao walikuwa wamekwisha kuonyesha huko Mexico City kwamba dhahabu inawezekana. Wangila hakuwa na nyayo za dhahabu za kufuata. Mashujaa wa ndondi waliomtangulia, pamoja na ustadi wao wote, walikuwa wamesimama kwenye fedha na shaba.

Ya pili ni upweke wa ushindi wenyewe. Hadi kufikia Michezo ya Paris ya 2024, nishani zote za Kenya katika Olimpiki zilikuwa zimetoka kwenye riadha au ndondi, na dhahabu ya Wangila ilikuwa imebaki kuwa ya pekee nje ya riadha. Katika muda wa miaka 36, wakimbiaji walirudi nyumbani na dhahabu tele. Ndondi haikupata hata shaba, kwani wa mwisho kuileta alikuwa Chris Sande, huko huko Seoul. Jambo ambalo halikurudiwa na yeyote kwa muda mrefu hivyo lilistahili uzito zaidi ya lile ambalo hurudiwa kila miaka minne.

Ya tatu ni kwamba bondia hana nafasi ya pili. Mkimbiaji aliyeshinda Seoul angeweza kurudi Barcelona kulitetea taji lake na huku akijipatia riziki katika mashindano ya Ulaya. Bondia wa enzi hiyo alilazimika kuchagua. Akibaki katika ndondi za ridhaa, atabaki na nishani yake na mfuko mtupu. Akijiunga na ndondi za kulipwa, anaupa Michezo ya Olimpiki mgongo moja kwa moja, kwa kuwa sheria za wakati huo hazikumruhusu kurejea.

Wangila alichagua kulipwa, na nani angemlaumu? Alihamia Marekani, akaanza maisha mapya katika ulingo usiokuwa na kofia ya kinga wala raundi tatu fupi. Huko hapakuwa na bendera ya taifa wala wachezaji wenzake wa kumtia moyo. Palikuwa na mapromota, mikataba na orodha ndefu ya vijana wenye njaa kama yake. Alipigana mara 27 na kushinda 22. Ubingwa wa dunia, ambao wengi nyumbani waliamini ungekuwa wake, haukuja.

Mnamo Julai 22, 1994, alipanda ulingoni jijini Las Vegas kupambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa, refa alisimamisha pigano. Wangila hakukubali, alilalamika kwamba angali na nguvu za kuendelea. Kumbe madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka ndani ya kichwa. Alipofika kwenye chumba cha kubadilishia mavazi alizirai, akakimbizwa hospitalini, na hakupata fahamu tena. Aliaga dunia Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Ni rahisi kuitumia simulizi hii ya huzuni kama hoja ya kumpa tuzo. Hilo lingekuwa kosa, tena la kumkosea heshima. Wangila hastahili kutajwa kwa sababu alikufa vibaya. Anastahili kwa sababu alishinda vizuri. Kifo chake hakiongezi uzito wa dhahabu ya Seoul, wala miaka yake ya Marekani isiyokuwa na taji haiupunguzi. Waamuzi wa tuzo yoyote wakianza kupima huruma badala ya kazi, tuzo hiyo itageuka kuwa mchango wa matanga.

Lakini kifo hicho kinatufunza jambo kuhusu tuzo zenyewe. Taifa lilimshangilia Wangila kwa wiki chache za Oktoba 1988, kisha likaendelea na shughuli zake. Kilichokosekana hakikuwa makofi. Kilichokosekana ni mpango wa kumfanya bingwa wa umri wa miaka 21 aone kwamba kuna maisha nyumbani baada ya nishani: kazi, mafunzo ya ukufunzi, au akiba ya uzeeni. Mabondia waliomfuata walikuta mambo yamezorota zaidi. Mashirika yaliyokuwa yakiwaajiri vijana wa ulingo yalipunguza wafanyakazi na kuvunja timu. Viongozi wa mchezo huo nao walizama katika mivutano ya vyeo iliyokokota kwa miaka mingi.

Kwa hivyo, wakati mwingine ubishi utakapopamba moto kuhusu nani anastahili kuwa mwanamichezo bora wa mwaka, haitoshi kuhesabu nishani na kulinganisha saa. Tuulize mwanamichezo huyo ametoka wapi na alipita njia gani. Tuulize kama alichokifanya kilikuwa kimewahi kufanywa na Mkenya mwingine. Na waandalizi nao wajiulize ni lipi litakalomfika mshindi huyo taa za ukumbi zitakapozimwa.

Maswali hayo hayamwonei mwanariadha. Mwanariadha bora ataendelea kushinda tuzo hizi, na ni haki yake. Lakini yatampa nafasi msichana anayejifunza kurusha ngumi katika ukumbi mchakavu wa Nakuru au Mombasa, na mvulana anayeogelea au kuinua vyuma bila mfadhili. Atajua kuwa siku akilifanya lisilowahi kufanywa, nchi yake itakuwa na macho ya kuliona akiwa angali hai.

Mkufu wa dhahabu hauvalishwi kaburi. Wangila hahitaji tena kutuzwa. Wanaohitaji ni wale wanaopanda ulingoni leo, na deni letu kwake litalipwa kupitia kwao.