Bernard Lyot: Mfaransa aliyeuchuja mwanga wa jua

BERNARD Lyot alifariki dunia Aprili 2, 1952 ndani ya garimoshi karibu na Cairo, Misri, baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo. Mwanasayansi huyo Mfaransa, aliyekuwa na umri wa miaka 55, alikuwa akirejea nyumbani kutoka Sudan, alikokwenda kuchunguza kupatwa kwa jua kulikotokea Februari 25 mwaka huo.

Ajabu ni kuwa Lyot ndiye aliyewapunguzia wenzake adha ya kungoja jua lipatwe.

Alizaliwa jijini Paris Februari 27, 1897, akafiwa na babake angali mtoto. Alisomea uhandisi wa umeme na mnamo 1920 akajiunga na kituo cha falaki cha Meudon.

Enzi hizo, korona, yaani taji la mwanga hafifu lililozunguka jua, ilionekana kwa dakika chache tu wakati jua limefunikwa kabisa na mwezi. Wengi walijaribu kuiona siku za kawaida wakashindwa. Lyot aling'amua kuwa kizuizi kikubwa kilikuwa mwanga uliotawanywa na vumbi na kasoro za lenzi. Akaunda darubini yenye kisahani cha kuficha uso wa jua, akapanda nayo mlima Pic du Midi, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,800, ambako hewa ni safi. Mnamo 1930 akaiona korona bila jua kupatwa.

Hata hivyo, alitaka pia kutenga rangi moja ya mwanga na nyingine. Mwaka wa 1933 alieleza muundo wa kichujio cha vipande vya fuwele, kila kimoja kikiwa na unene maradufu ya kilichotangulia. Kila kipande hufuta baadhi ya rangi hadi ubakie ukanda mwembamba mmoja. Yngve Öhman wa Uswidi alilifikia wazo hilo kivyake, naye akaunda kichujio chake mwaka wa 1938. Kwa chombo hicho, Lyot alipiga filamu za ndimi za gesi zikiruka juani.

Mnamo 1939 alitunukiwa nishani ya dhahabu na Royal Astronomical Society ya Uingereza.

Ila kichujio hicho kilikuwa na udhaifu: kuhama kutoka rangi moja hadi nyingine kulikuwa kazi ngumu. Miaka mingi baada ya kifo chake, wahandisi walikiongezea fuwele za kioevu, zile zile zinazotumika katika vioo vya saa za dijitali na kikokotoo. Molekuli zake hugeuka zikipitiwa na nguvu za umeme. Kwa hivyo, ukibadilisha volteji, rangi inayopita hubadilika papo hapo bila kifaa chochote kusogea.

Leo vichujio vya aina hiyo hufungwa kwenye hadubini za kuchunguzia seli na kamera za kukagua mimea. Mwenyewe hakuishi kuviona, lakini msingi wake ungali ule ule alioueleza mwaka wa 1933.