Ummu Atiyya (R.A.): Mwalimu wa waosha maiti, na kafuri ya josho la mwisho

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa wanawake wa Madina waliompa Mtume (S.A.W.) kiapo cha utii ni Nusayba bint al-Harith, mashuhuri kwa jina la Ummu Atiyya, katika Answari. Alitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) katika vita saba, akilinda mizigo ya wapiganaji, akiwapikia chakula, akiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa.

Mwaka wa 8 Hijria alipofariki Zaynab, binti wa Mtume (S.A.W.), Ummu Atiyya alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Mtume aliwaelekeza watumie maji na majani ya mkunazi, waoshe mara tatu, tano au zaidi wakiona haja, kwa idadi ya witri, waanze upande wa kulia na viungo vya udhu, na katika josho la mwisho watie kafuri. Walipomaliza, akawapa shuka yake ya kiunoni iwe nguo ya kwanza kugusa mwili wa bintiye. Nywele walizisuka misokoto mitatu wakailaza nyuma.

Baadaye alisafiri hadi Basra akiharakisha kumwahi mwanawe, lakini hakumdiriki. Alipofiwa na mwana, siku ya tatu aliagiza manukato ya manjano akajipaka, kwani mwanamke amekatazwa kuacha mapambo kwa msiba zaidi ya siku tatu isipokuwa kwa mumewe. Huko Basra wanazuoni walijifunza kwake kuosha maiti, wakiwemo Muhammad bin Sirin na dada yake Hafsa.

Kafuri aliyoitia ndiyo tunayoiita karafuu maiti, ingawa haitokani na mkarafuu. Iliyosifika zaidi kwa Waarabu wa zamani ilitoka Sumatra. Wanakemia wamebaini kuwa hiyo ni borneoli, ndugu wa karibu wa kafuri ya leo, inayoizidi kwa haidrojeni mbili tu. Kafuri ya leo asili yake ni mti wa China, Taiwan na Japani, ambao vipande vyake hupikwa kwa mvuke hadi mafuta yakagandisha chembe nyeupe. Kila molekuli yake ina kaboni 10, haidrojeni 16 na oksijeni moja. Nyingi sasa hutengenezwa viwandani kwa tapentaini ya misonobari. Hata huko Kakamega, Kenya, wakulima hupanda mmea wa jamii ya kivumbasi ambao mafuta yake yamejaa kafuri.

Hapa Mwanza na visiwa vya Ziwa kuna jambo la kuzingatia. Vipo vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kabatini, vya naftalini, ambavyo kwa macho hufanana na kafuri. Hivyo si kafuri, na vina madhara. Nguo za mtoto mchanga zilizohifadhiwa navyo zaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake, hasa akiwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika nchi zenye malaria. Kuvitofautisha ni rahisi: tia kipande kizima katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Kafuri huelea, naftalini huzama. Na kafuri yenyewe isiachwe karibu na watoto, kwani ikimezwa huleta degedege.

Enyi akina mama mnaoosha maiti zetu, kafuri ni sunna. Ikikosekana, josho linasihi. Basi msikubali kutia kisichokuwa kafuri kwa kuogopa upungufu. Ummu Atiyya alifundisha alichokipokea, hakuongeza wala hakupunguza, na hiyo ndiyo amana.

Allah amridhie Ummu Atiyya, awarehemu maiti wetu na atujaalie mwisho mwema. Amin.